UU haitoshi: kuhakikisha kerneli inaisoma RTC kweli

Ukiendesha `i2cdetect -y 1`, amri inayoorodhesha vifaa vilivyo kwenye basi la I2C (waya mbili za kuzungumza na chipu ndogo), ukaona 68, anwani ya chipu ya saa (RTC), imegeuka `UU`, umejua jambo moja tu: ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, kuna draiva iliyoishika anwani hiyo. Hujajua kama chipu inahesabu, kama saa iliyomo ni ya kweli, wala nani ataichukua na kuipeleka kwenye saa ya mfumo mashine inapowaka. Mafundi wengi wanaofunga Raspberry Pi kwenye maabara za shule, vituo vya afya na masanduku ya sola hapa Uganda huishia kwenye hiyo `UU`. Halafu umeme unakatika usiku kucha mahali pasipo na intaneti, na asubuhi logi zinaendelea kana kwamba usiku haukuwepo.

Linux ina saa mbili. Saa ya mfumo, ile inayoonyeshwa na `date`, inaishi kwenye kumbukumbu ya kerneli na inasukumwa na kihesabio cha prosesa. Umeme ukienda, nayo imekwenda. Saa ya chipu, yaani RTC, inaishi kwa betri na haijui lolote kuhusu programu zako. Kati ya hizo mbili kuna njia ya kwenda, kutoka chipu hadi mfumo wakati wa kuwaka, ambayo kerneli inaiita `hctosys`. Kuna na njia ya kurudi, kutoka mfumo hadi chipu baada ya NTP (huduma ya kupata saa kupitia mtandao) kuthibitisha saa, inayoitwa `systohc`. Kwa hiyo saa ikiwa mbovu, tafuta kosa mahali pane: kwenye chipu, kwenye draiva, kwenye njia ya kwenda, au kwenye njia ya kurudi. Usianze kubadilisha betri kabla hujajua ni wapi.

Kompyuta za mezani hazina mengi. Saa yake ni mrithi wa chipu ya MC146818 iliyokuwa kwenye IBM PC AT ya 1984, na mpaka leo inasomwa kupitia milango 0x70 na 0x71 kwa draiva ya `rtc_cmos`. Mashine zilizotumika zinazouzwa Kampala mara nyingi zinakuja na betri ya CR2032 iliyokwisha. Pima kwa mita: mpya inatoa volti 3 na kidogo juu, na ikishuka chini ya 2.7 itupe. Kinachowachanganya watu ni kwamba kompyuta iliyozimwa lakini bado imechomekwa ukutani hailishi saa kwa betri, inailisha kwa umeme wa akiba wa pawasaplai. Ndiyo maana ile iliyo ofisini haipotezi saa hata betri ikiwa imekufa, na ile ya maabara ya shule, ambako soketi huzimwa kila jioni, inapoteza kila siku.

Kwenye mbao ndogo ndiko kwenye kazi. Raspberry Pi tangu ya kwanza hadi Pi 4 hazina RTC kabisa. Badala yake Raspberry Pi OS imekuwa ikija na `fake-hwclock`, programu inayoandika saa kwenye faili mara kwa mara na wakati wa kuzima, kisha kuirudisha mashine ikiwaka. Inazuia tarehe isirudi 1970, lakini muda ambao mashine ilikuwa imezimwa haujui. Ukifunga RTC ya kweli, iondoe:

`sudo apt remove fake-hwclock`
`sudo update-rc.d -f fake-hwclock remove`

Kibao kinachopatikana kwa urahisi madukani ni kile cha buluu chenye DS3231, kilichoandikwa ZS-042. Kina chipu ya saa kwenye anwani 0x68 na kumbukumbu ya AT24C32 kwenye 0x57. Unganisha VCC (umeme) kwenye pini ya 1 ya Pi, SDA na SCL (waya mbili za I2C) pini ya 3 na ya 5, na GND pini ya 6. VCC iende kwenye volti 3.3, wala si 5, kwa sababu mbili. Kwanza, kibao kina rezista zinazovuta SDA na SCL kuelekea VCC. Ukilisha volti 5, unazisukuma volti 5 kwenye pini za Pi ambazo zimejengwa kwa 3.3. Pili, ubao huo una saketi ya kuchaji, rezista ya omu 200 na dayodi, iliyokusudiwa betri ya LIR2032 inayochajika. Muuzaji anakuwekea CR2032 isiyochajika, wewe unailisha volti 5, na betri inavimba ndani ya sanduku lililofungwa. Kwa 3.3, dayodi ikishachukua sehemu yake kinachobaki kiko chini ya volti 3 za betri, hivyo hakuna cha kuchaji. Kama mradi wako unalazimisha volti 5, nyanyua hiyo dayodi kwa chuma cha kulehemu kabla ya kufunga chochote, na ushughulikie zile rezista za SDA na SCL pia.

Angalia pia maandishi juu ya chipu. DS3231SN ina kristali ndani na kipimajoto kinachoirekebisha, ikibaki ndani ya sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40, yaani kama dakika moja kwa mwaka. DS3231M inatumia kitetemeshi cha aina nyingine na inaahidi sehemu 5 kwa milioni. Draiva ni ileile na M si mbaya, ila usiuziwe M kwa bei ya SN. DS1307 ya zamani mimi siipendekezi kwa kazi yoyote ya nje ya ofisi. Inataka volti 5, na inategemea kristali ya kHz 32.768 isiyorekebishwa. Kristali za aina hiyo hupoteza takriban 0.034 ya sehemu kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya kipeo cha pili kutoka nyuzi 25. Sanduku la chuma juu ya mabati kule Adjumani au Moroto likifika nyuzi 55 ndani, tofauti ni nyuzi 30. 30 mara 30 mara 0.034 inakupa kama 30 kwa milioni, na hiyo ni zaidi ya sekunde 2.6 kwa kila siku ya joto hilo. Usiku wa baridi nao haurudishi kilichopotea, kwa sababu kristali hiyo huchelewa ikipoa vilevile kama inavyochelewa ikipata joto.

Sasa draiva. DS3231 inahudumiwa na `rtc-ds1307`, jina linalowafanya watu wadhani wamepakia kitu kisicho chake. Draiva hiyo inashughulikia familia nzima: DS1307, DS1337, DS1339, DS1340, DS3231, MCP7940x na nyinginezo. Kwenye usanidi wa kerneli chaguo lake ni `CONFIG_RTC_DRV_DS1307`, na juu yake lazima pawepo `CONFIG_RTC_CLASS`. Kwa Pi, fungua `/boot/firmware/config.txt` (matoleo ya zamani ni `/boot/config.txt`) uongeze:

`dtparam=i2c_arm=on`
`dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`

Baada ya kuwasha upya, acha `i2cdetect` na uangalie hizi:

`dmesg | grep -i rtc`
`cat /sys/class/rtc/rtc0/name`
`cat /sys/class/rtc/rtc0/date /sys/class/rtc/rtc0/time`
`cat /sys/class/rtc/rtc0/hctosys`

Ya mwisho ndiyo watu hawaijui, na ndiyo yenye jibu. Ikisema 1, kerneli yenyewe iliichukua saa ya RTC hii ikaipa mfumo. Ikisema 0, chipu inaweza kuwa nzima na draiva nzima, lakini si kerneli iliyobeba saa. Kwenye dmesg, yaani logi ya kerneli, safari iliyofanikiwa huonekana kama `setting system clock to` ikifuatiwa na tarehe na neno UTC (saa ya pamoja ya dunia).

Sababu za kupata 0 zinajulikana. Huenda kerneli ilijengwa bila `CONFIG_RTC_HCTOSYS`. Huenda draiva ni moduli (kipande kinachopakiwa baadaye, hakimo ndani ya kerneli) na kerneli yako ni ya zamani: enzi hizo kubeba saa kulijaribiwa mara moja tu mwishoni mwa kuwaka, na kama draiva haikuwa imepakiwa, `hctosys: unable to open rtc device (rtc0)` ndilo lilikuwa jibu. Kerneli za sasa hubeba saa pale RTC inaposajiliwa, hata kama ni moduli, lakini mistari ya kwanza ya logi bado itakuwa na saa ya zamani. Ukijenga kerneli yako mwenyewe, weka draiva ya RTC na ya basi la I2C ziwe `=y`, zote mbili. Kuweka moja tu ndani na nyingine moduli hakusaidii kitu, maana RTC haiwezi kuonekana kabla ya basi lake.

Sababu ya tatu ni namba. `CONFIG_RTC_HCTOSYS_DEVICE` kwa kawaida ni `rtc0`. Mbao nyingi za ARM zina RTC ndani ya prosesa yenyewe, isiyo na betri, na hiyo husajiliwa kwanza. BeagleBone Black ni mfano mzuri: ya ndani inakuwa `rtc0`, DS3231 yako inakuwa `rtc1`, na kerneli kwa uaminifu wote inasoma ile isiyo na betri na kukupa mwaka 2000. Dawa ni kuandika kwenye sehemu ya `aliases` ya mti wa vifaa (faili linaloieleza kerneli vifaa vya ubao):

`rtc0 = &ds3231;`
`rtc1 = &rtc;`

ambapo majina ya kulia ni lebo zilizomo kwenye faili lako. Kama huwezi kugusa mti wa vifaa, basi weka huduma ya systemd inayoendesha `hwclock -s -f /dev/rtc1` mapema, ukikubali kwamba huduma zilizoanza kabla yake zitaona saa ikiruka.

Pi 5 ina RTC yake, na inataka tu betri ya ML-2020 kwenye kiunganishi cha J5. Kuchaji kumezimwa mpaka uandike `dtparam=rtc_bbat_vchg=3000000`. Usiandike mstari huo kama umeunganisha betri isiyochajika.

Kwa anayetaka kuandika draiva ya chipu isiyo na draiva, msingi ni mdogo kuliko inavyodhaniwa. Unajaza `struct rtc_class_ops` kwa `read_time` na `set_time`, unaita `devm_rtc_allocate_device`, unaweka `range_min` na `range_max` (tarehe ya mwanzo na ya mwisho ambazo chipu inaweza kushika), kisha `devm_rtc_register_device`. Makosa yako mahali pengine. Rejista nyingi ziko kwa BCD, yaani kila tarakimu inachukua biti nne zake, kwa hiyo 0x59 ni 59. Tumia `bcd2bin` na `bin2bcd`, usijitungie. `tm_mon` inaanza 0 ilhali chipu inaanza 1, na `tm_year` inahesabu tangu 1900, kwa hiyo kwa chipu ya tarakimu mbili unaongeza 100. Biti ya 6 ya rejista ya saa huchagua mfumo wa saa 12 au 24, na chipu iliyotoka kwenye kifaa kingine inaweza kuja imewekwa 12. Ukiisahau, saa tisa alasiri inasomeka upuuzi. Rejista zote saba zisomwe kwa mkupuo mmoja. Ukisoma sekunde peke yake ikiwa 59, halafu dakika baada ya kugeuka, umepata saa iliyokosea kwa dakika nzima, na kosa hilo litatokea mara chache kiasi cha kutokamatwa kwenye majaribio.

Lililo kubwa kuliko hayo ni uaminifu. Karibu kila chipu ina alama inayosema kwamba mtetemo uliwahi kusimama: kwenye DS3231 ni biti ya 7 ya rejista 0x0F, inaitwa OSF, kwenye DS1307 biti ya 7 ya rejista ya sekunde inasimamisha saa yenyewe. Alama ikiwa imewaka, `read_time` irudishe kosa la `-EINVAL`. Kerneli inajua kuishi bila saa. Haijui kujilinda na saa ya uongo inayotolewa kwa kujiamini. Alama hiyo ifutwe ndani ya `set_time` tu, pale mtu anapoandika saa mpya. Hapa `rtc-ds1307` yenyewe si ya kuiga: kwa DS3231, ikikuta OSF inapoanza, inaandika `SET TIME!` kwenye logi na kuifuta palepale. Ukiwasha mara ya pili onyo halipo, na saa mbovu inasomwa kama nzima. Kwa hiyo kibao kipya au betri mpya ikiwekwa, soma dmesg ya kuwaka kwa mara ya kwanza, usingoje ya pili.

`range_max` nayo si pambo. DS3231 inatosha mpaka 2099. Lakini kwenye mfumo wa biti 32, `hctosys` inakataa tarehe yoyote iliyopita 19 Januari 2038, saa 03:14:07 UTC, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Wameweka kizuizi hicho kwa sababu RTC iliyoharibika ikisoma takataka kama 2070, programu za biti 32 zinaanguka kabla hujapata nafasi ya kusahihisha.

Njia ya kurudi ni rahisi mpaka isipofanya kazi. NTP ikishalingana, kerneli yenye `CONFIG_RTC_SYSTOHC` huandika saa kwenye RTC kila baada ya dakika 11 hivi. Ukitumia chrony, programu ya NTP, mstari wa `rtcsync` lazima uwepo kwenye usanidi. Kwenye Debian upo tayari, ila watu huufuta wanaponakili usanidi wa mtandaoni. Usiuchanganye na `rtcfile`, chagua mmoja. Mahali ambapo intaneti haifiki kabisa, kerneli haiandiki kamwe, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba saa ni sahihi. Hapo unaweka saa kwa mkono na kuandika mwenyewe kwa `sudo hwclock -w`, na unarudia kila unapotembelea kituo.

RTC iwe UTC. Uganda iko saa tatu mbele na haina saa za msimu, hivyo wengi wanaona hakuna ubaya kuweka saa za hapa moja kwa moja. Ubaya upo: `hctosys` huichukulia RTC kuwa UTC bila kuuliza, kwa hiyo mashine inawaka ikiwa saa tatu mbele mpaka programu nyingine iirekebishe. Hili ndilo linalotokea kwenye kompyuta zenye Windows na Linux pamoja. Usiisogeze Linux, ifundishe Windows kwa kuweka `RealTimeIsUniversal` yenye thamani 1, aina ya DWORD, kwenye `HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation`. Upande wa Linux hakikisha kwa `timedatectl` kwamba `RTC in local TZ` inasema `no`, na eneo ni `Africa/Kampala`.

Kama unajiuliza haya yote ya nini ilhali NTP ipo, tazama kinachotangulia NTP. Saa ikiwa nyuma sana, vyeti vya TLS vinaonekana havijaanza kutumika na kila kiungo cha https kinakataliwa. `apt` inasema faili la Release bado si halali. WireGuard, programu ya VPN, ni mbaya zaidi, kwa kuwa haikupi kosa lolote. Kila salamu ya kuunganisha inabeba muhuri wa saa, na upande wa pili hukataa muhuri uliotangulia ule wa mwisho aliouona. Pi iliyowaka na saa ya jana inapiga hodi kwenye seva bila kujibiwa, na ikiwa trafiki yote pamoja na NTP inapita ndani ya WireGuard, haitajibiwa mpaka saa yake iupite muhuri huo wa mwisho, au mtu aende huko Kasese na kibodi.

Jaribio la kweli hufanywa bila mtandao. Weka saa, andika `hwclock -w`, zima, chomoa umeme na waya wa intaneti, zima na Wi-Fi, uache usiku kucha. Asubuhi washa ukiwa bado umekata mtandao, kisha linganisha `date` na simu na usome `hctosys`. Ukijaribu mtandao ukiwa umeunganishwa, NTP itasahihisha kila kitu ndani ya sekunde chache na utafunga sanduku ukiamini RTC inafanya kazi.

Kuhusu kengele, wenye masanduku ya sola huuliza kama RTC inaweza kuiamsha Pi asubuhi. Kwa Pi 4 na DS3231, hapana, si peke yake: `rtcwake` itaandika kengele kwenye chipu, na pini ya SQW, inayotoa ishara ya kengele, itashuka kwa wakati wake, lakini hakuna kinachoiunganisha na umeme wa ubao. Unahitaji transista au swichi ya umeme inayosikiliza pini hiyo, pamoja na rezista ya kuivuta juu kama kibao hakina, na uongeze `wakeup-source` mwishoni mwa mstari wa dtoverlay. Pi 5 inaweza, ukiweka `POWER_OFF_ON_HALT=1` na `WAKE_ON_GPIO=0` kwa `sudo rpi-eeprom-config -e`. Kisha kabla ya kuzima:

`echo 0 | sudo tee /sys/class/rtc/rtc0/wakealarm`
`echo +600 | sudo tee /sys/class/rtc/rtc0/wakealarm`
`sudo halt`

Ile sifuri ya kwanza inafuta kengele ya zamani; ukiiruka huku kengele nyingine ipo, kerneli inakataa kuandika mpya. Dakika kumi baadaye ubao unapaswa kuwaka wenyewe.